Wanakuja, Zinakuja

Kazi ya Dalmas Were ilikuwa kufukuza ndege ili ndege zipate kutua. Ukiisoma sentensi hiyo haraka utadhani mwandishi amelewa, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mshahara alilipwa kwa kazi hiyo hiyo. Kulipopambazuka alitoka na debe lake na rungu fupi, akaingia kwenye nyasi za uwanja akilipiga debe na kupaza sauti, na kwarara, korongo na vindege vidogo visivyo na jina wakaruka na kutawanyika upande wa mbuga. Baada ya hapo ndege zenye injini ziliweza kushuka bila kumeza kiumbe cha Mungu.

Uwanja wenyewe ulikuwa magharibi ya mji wa Nairobi, pale nyumba zilipokwisha na mbuga ikaanza. Upande mmoja yalikuwako mabanda ya ndege za raia, zile nyeupe zilizobeba barua, wagonjwa na walowezi wenye haraka zao. Upande wa pili, nyuma ya waya wa miiba, yalikuwako mahema ya askari na ndege za kijivu zilizoondoka nzito kuelekea kwenye misitu ya milimani na kurudi nyepesi. Njia ya kurukia ilikuwa moja tu kwa wote. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ikiwawinda Wakikuyu walioingia msituni kuipiga vita, na mtu mwenye akili yake hakuuliza mzigo umemwagwa wapi.

Rael Nakhumicha, mke wa Dalmas, aliipenda saa ile ya ukungu kuliko saa zote. Walikaa na binti yao Philister katika chumba kimoja cha mabati kwenye laini za wafanyakazi, karibu kabisa na uwanja. Asubuhi alisimama mlangoni na kikombe cha uji, akimsikiliza mumewe bila kumwona: debe tu likilia mahali fulani ndani ya ule weupe, mara karibu, mara mbali, mara kama liko juu angani. Kisha kitu kikubwa kiliunguruma na kushuka, naye hakujua mpaka kipigwe na jua kama ni cha kupeleka barua au cha kupeleka moto. Saa hiyo Rael aliota akiwa macho. Alijiona amekaa nyuma ya meza huko Parklands, kwenye zahanati ya watoto, amevaa kitambaa cheupe kichwani, akiwaita akina mama kwa majina yao na kuwaeleza dawa kwa Kiswahili kilichonyooka.

Ndoto hiyo haikuwa ya bure. Nesi wa zahanati hiyo alikuwa amesema kanisani kwamba anatafuta mwanamke wa namna hiyo, ila awe anasema Kiswahili safi, si hiki cha jikoni. Kwa hiyo kila alasiri aliyopata nafasi Rael alikwenda darasani kwa Mwalimu Nzula, mke wa mwinjilisti, aliyelelewa misheni huko Rabai na aliyesikia makosa kwa masikio kama mwingine anavyosikia mchanga kwenye meno.

"Si watoto yangu, mama," alikuwa akimwambia. "Watoto wangu. Ng'ombe wangu. Mume wangu. Mwenye roho humpi yangu."

Rael alirudi nyumbani akirudia njia nzima, na Dalmas alimcheka mpaka akaweka kijiko chini.

"Kwani mtoto yangu akiwa mtoto wangu atakula ugali kidogo?" alimwuliza. "Wewe Mama Philister, nyinyi huko kanisa mko na kazi mingi."

Rael naye alicheka, maana hakuna aliyeweza kumkasirikia Dalmas kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa maneno mengi na roho nyeupe, aliyeamini kwamba jambo likishasemwa kwa sauti ya furaha haliwezi kumdhuru mtu.

*

Jambo lenyewe lilisemwa getini, kwenye maziwa. Aliyeleta maziwa ni Ephantus Mungai kutoka Dagoretti, Mkikuyu wa makamo, mtu wa kanisa. Alikuwa mmoja wa wachache wa kabila lake walioruhusiwa kuingia na kutoka siku hizo, na ruhusa hiyo aliibeba kwa uangalifu kuliko maziwa yenyewe. Hakupita mahali bila kuvua kofia. Rael alikuwa amesimama na birika lake, Mungai akipima, na Dalmas amekaa juu ya debe lake akinywa chai kwa mkono mmoja.

"Mungai, ile mtama yako imefika wapi?" Dalmas alimwuliza.

"Imeanza kukomaa. Wiki hii ama ile ingine tunakata."

"Kata sasa. Mimi nakuambia kama rafiki. Alhamisi ndege zinakuja mingi sana, kutoka upande ya Ngong. Zitapitia kwenu kwanza."

Mungai aliacha kupima. "Wewe umejuaje?"

"Hii ndiyo kazi yangu. Ile imekuja jana ilikuwa ya kuchungulia tu. Ikichungulia hivi, siku mbili tatu, hiyo ingine yote inafuata. Ambia watu ya kwenu wakae tayari."

"Nitaambia wao," Mungai alisema, akavaa kofia yake na kuivua tena. "Asante sana, Were. Mungu akubariki."

Hapo penye kivuli cha ukuta alikuwako mtu mmoja akingoja fundi amzibie tairi ya baiskeli. Rael alimwona, akaona na koti lake la kahawia, na hakumfikiria zaidi. Alichofikiria ni kwamba mumewe amesema ndege zinakuja, naye Mwalimu Nzula angemwambia aseme ndege wanakuja, kwa kuwa hao wa mtama ni viumbe wenye roho. Hizo zenye injini ndizo zinazokuja. Alitaka kumrekebisha pale pale. Akaona aibu kumsahihisha bwana wake mbele ya mtu, akanyamaza, akachukua maziwa yake akaenda zake.

*

Alhamisi ilipofika, ndege zilikuja kweli. Zilikuwa za kijivu. Hakuna kwelea, wale ndege wadogo wa kula mtama, hata mmoja aliyeonekana. Badala yake zilitokeza juu ya vilima vya Ngong moja baada ya nyingine, zikapita chini chini juu ya Dagoretti mpaka mabati yakatetemeka, na zote zikatua upande wa waya wa miiba. Hata wakubwa wa upande wa raia walitoka nje kushangaa, kwa maana safari hiyo ilikuwa imefanywa siri. Dalmas alikuwa katikati ya nyasi na debe lake, akawapungia mkono marubani kama afanyavyo siku zote.

Gari la polisi lilifika kabla chai ya saa nne haijapoa. Walimchukua Dalmas uwanjani, na debe wakalichukua pia, kwa sababu askari mmoja alisema huenda ndilo la kupigia ishara. Mungai walimkamata getini. Baiskeli yake iliangushwa na maziwa yakamwagika barabarani, na mbwa wa laini wakaja kuyalamba hata kabla gari halijageuka.

"Mama Philister, usiogope," Dalmas alimwambia akiwa amepakiwa nyuma. "Ni makosa tu. Narudi saa ya kula."

Rael alisimama na mwiko mkononi. Kwa muda aliona kila kitu kinakwenda polepole, vumbi likipanda na kukataa kushuka, na watu wa laini wakirudi nyuma mlangoni mmoja mmoja bila kumtazama. Hofu ilimshika vibaya. Kila mtu alijua mtu aliyehusishwa na watu wa msituni huenda wapi, na kila mtu alijua anayekwenda huko harudi saa ya kula. Msimamizi wa laini alipita jioni, akasimama nje bila kuingia, akamwambia kwa upole kwamba chumba ni cha mfanyakazi wa uwanja. Kama mfanyakazi hayupo, mama ajiandae kurudi kwao Kimilili.

"Nitangoja kidogo, lakini mimi pia niko na mkubwa yangu," alisema.

*

Kesho yake, asubuhi na mapema, kwelea wakaja. Walitoka upande wa Ngong kama Dalmas alivyosema, wingu zima la viumbe wadogo likipinda na kunyooka angani bila haraka, na kwa kitambo Rael alisahau shida yake akabaki mdomo wazi. Walishuka uwanjani, nyasi zikawa za kahawia. Hakukuwa na mtu wa kuwafukuza. Ndege nyeupe ya barua ilizunguka juu, ikazunguka tena, ikakata tamaa na kuelekea uwanja mwingine ng'ambo ya mji.

Rael alimfunga Philister mgongoni, akatembea mpaka kituo cha polisi. Getini alimkuta mwanamke amekaa juu ya jiwe, shuka limemzunguka mpaka kidevuni. Alikuwa Wanjugu, mke wa Mungai. Walijuana kwa mbali, kwa kuwa mara nyingine yeye ndiye aliyeleta maziwa.

"Umeambiwa nini?" Rael alimwuliza.

"Kungoja."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana." Wanjugu alisogea kumpa nafasi kwenye jiwe. "Askari alisema bwana yako ndiye alisema, na yangu ndiye alisikia. Nikauliza yeye, kusikia ni makosa? Akasema nitulie."

Walikaa pamoja. Jua lilipanda. Philister alicheza na pindo la shuka la Wanjugu, na Wanjugu alimwachia, akimtazama tu kama mtu aliye mbali sana. Baada ya muda mrefu askari wa zamu alitoka, akasema mke wa Were ataitwa ndani kesho kujibu maswali mbele ya Bwana Mkubwa, kupitia kwa mkalimani, na aje peke yake, asije na kelele. Wanjugu naye aliinuka kwenye jiwe.

"Na mimi?"

"Wewe ngoja."

Njiani kurudi nyumbani Rael alipata wazo, na wazo lenyewe lilimpa nguvu. Alikuwa na kitu ambacho wanawake wengi wa laini hawakuwa nacho. Atamweleza Bwana Mkubwa kwa Kiswahili safi, neno baada ya neno, hata wajue kwamba Dalmas Were ni mtu wa nyumba ya heshima, si mhuni wa vichochoroni. Alipitia kwa Mwalimu Nzula, nao wakakaa alasiri nzima chini ya msalaba wakiyapanga maneno. Mwalimu alimwombea. Kisha alimsikiliza mara ya mwisho kutoka mwanzo hadi mwisho, asipate pa kusahihisha, na machozi yakamtoka kwa fahari.

*

Ofisi ilikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha mti wa mjakaranda uliokuwa ukimwaga maua. Bwana Mkubwa alikuwa Mzungu kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na alionekana kama hajalala. Kando yake alikaa mkalimani, Bwana Wambua, Mkamba aliyekulia Mombasa, amevaa tai na suruali iliyopigwa pasi hadi ikakata kama wembe. Kiti kilikuwako, lakini hakuna aliyemwambia Rael aketi.

"Jieleze, mama," Wambua alisema.

Rael alishusha pumzi. "Naitwa Rael Nakhumicha. Mume wangu ni mtu mwema, mwenye kumcha Mungu. Kazi yake ni kuwafukuza ndege wanaokula mbegu katika uwanja. Rafiki yake analima mtama. Mume wangu alimwonya kwamba ndege watakuja, wale wadogo wanaoharibu mavuno, ili watu wa kule wajiandae. Nami nilikuwapo, nikasikia kwa masikio yangu. Jana wamekuja, wamejaa uwanjani."

Wambua alimtazama kwa mshangao, kisha kwa furaha. Aliweka kalamu chini.

"Mama, Kiswahili chako ni kizuri sana. Huku bara sijapata kukisikia hivi. Nani amekufundisha?"

"Mwalimu wetu wa kanisani." Rael alihisi uso unamwaka kwa raha. Ilikuwa mara ya kwanza kusifiwa na mtu mwenye tai.

"Na nyumbani mnazungumza hivi?"

Hapo ndipo alipokosea. Alitaka nyumba yake ionekane nyumba. "Ndiyo," alisema. "Tunajitahidi."

Wambua alimgeukia Bwana Mkubwa, wakasemezana kwa Kiingereza. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. Alipomrudia Rael, sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtisha kuliko ukali.

"Mama, shahidi wetu aliapa, na maneno aliyasema yalivyo. Mumeo hakusema ndege wanakuja. Alisema ndege zinakuja. Zitapitia kwenu. Wanakuja ni wa mtini, zinakuja ni za Wazungu. Wewe unajua tofauti, umenionyesha sasa hivi bila kukosea hata mara moja. Katika nyumba ya mtu kama wewe, mume anaweza kukosa kuijua?"

Maua ya mjakaranda yaliendelea kuanguka nje, moja moja, bila sauti, naye Rael aliyatazama akiona kwamba ni yeye aliyemfunga Dalmas, yeye na alasiri zake zote za wangu na wetu. Alitafuta sentensi nyingine nzuri ya kumwokoa, akaikosa. Zile alizozipanga zilikuwa zimekwisha. Kilichobaki kinywani ni lugha ya mlangoni pake, na hiyo ndiyo iliyotoka.

"Bwana, hapana," alisema. "Bwana yangu hajui hiyo maneno. Hakuenda shule. Yeye anasema zinakuja, kila kitu kwake ni zinakuja. Ndege zinakuja, kuku zinakuja, watoto yangu zinakuja. Hata mama yake akitoka nyumbani anasema wageni zinakuja. Ndege zenyewe ziko pale kwa uwanja, zinakula mbegu, zinakunya kila mahali, na hakuna mtu ya kufukuza hizo."

"Zinakunya," Wambua alisema polepole.

"Ndiyo, bwana. Zinakunya sana."

Wambua alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani, kisha kikamshika mabega, mpaka akatoa leso. Alipomfasiria Bwana Mkubwa, Mzungu yule alitazama dirishani, kisha naye midomo ikamcheza. Askari wa mlangoni alichungulia kuona kuna nini.

"Rudia, mama," Wambua alisema akijifuta macho. "Ulisema watoto gani?"

"Watoto yangu."

"Na bwana?"

"Bwana yangu."

"Njoo, njoo usikie," Wambua alimwambia yule askari. "Sema ile ya wageni."

Rael alisema ile ya wageni. Alisema na ya kuku. Walimwomba ya ng'ombe, akaitoa, ng'ombe yangu inazaa mtoto yake. Askari wa pili aliingia, na wa tatu akasimama mlangoni ameshika mbavu. Rael aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, ya moto kabisa, lakini aliona pia kwamba kila wanapocheka Dalmas anasogea hatua moja kuelekea mlangoni. Kwa hiyo aliharibu zaidi. Aliyatupa maneno ya Mwalimu Nzula moja baada ya jingine, akaongeza na makosa ambayo hata Dalmas hakuwahi kuyafanya, akayasema kwa uso mkavu, macho ameyapeleka kwenye yale maua. Moyoni alikuwa akilia.

*

Dalmas aliachiwa alasiri hiyo hiyo. Walimrudishia debe lake likiwa limebonyezwa upande mmoja. Aliambiwa kazi anayo, uwanja wenyewe umepiga simu kumwulizia kwa sababu ya kwelea, lakini kuanzia sasa afukuze bila kutangaza. Alikuwa amekonda kidogo, jicho moja limevimba, na tabasamu lake bado lilikuwa pale pale, ila lilichelewa kufika.

"Na Mungai?" Dalmas alimwuliza Wambua getini. "Kama mimi nilisema ya mtama, basi yeye alisikia ya mtama."

Wambua alikuwa bado na mabaki ya kicheko usoni, naye aliyakunja polepole. "Huyo ameshapelekwa kwingine. Wanamwuliza mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Mkikuyu akishaingia, la kumwuliza halikosekani. Nenda nyumbani, bwana. Mshukuru mkeo."

Jiwe la getini lilikuwa tupu. Walitembea kurudi nyumbani, Dalmas amelibeba debe lake, Philister akiwangoja kwa jirani, na mawingu ya jioni yakielea juu ya mbuga mekundu, yakiwa mazuri kupita kiasi kwa siku ya namna ile. Walipokaribia laini Dalmas alicheka kidogo.

"Nilisikia kicheko mpaka kule ndani. Nikasema, hapa kuna arusi. Walikuwa wanacheka nini?"

"Sijui," Rael alisema. "Mambo yao."

Lakini habari ina miguu. Askari mmoja alikuwa na ndugu kwenye laini, na siku ya pili tu watoto walikuwa wakimpita Rael kwenye bomba la maji wakisema wageni zinakuja, wakakimbia. Dalmas alipojua kisa chenyewe alikaa kitandani muda mrefu, mikono katikati ya magoti. Kisha alimwambia mkewe, kwa sauti ambayo Rael hakuwahi kuisikia kwake, kwamba yeye atajifunza kusema wanakuja. Alijaribu usiku huo mezani, mara moja, ndege wanakuja, akiangalia ukuta. Philister alicheka, akidhani ni mchezo. Baba yake hakujaribu tena, na hata asubuhi alipokuwa ndani ya ukungu Rael alisikia debe peke yake, bila sauti ya mtu. Darasani Rael hakurudi. Mwalimu Nzula alituma mtu kumwulizia, na kuhusu zahanati ya Parklands akasema nafasi ingalipo. Rael alijibu kwamba ana kazi nyingi.

*

Wanjugu alikuja Jumapili ya wiki iliyofuata, watu wakiwa kanisani. Alisimama mlangoni bila kubisha, shuka lile lile, miguu imejaa vumbi la Dagoretti. Dalmas alikuwa uwanjani. Rael alimkaribisha, akampa kigoda na chai, na Wanjugu akakishika kikombe bila kunywa.

"Walikata mtama?" Rael alimwuliza.

"Nani akate? Ndege zilimaliza yote." Wanjugu aliweka kikombe chini. "Wamempeleka Lang'ata, kwa ile kambi. Kesho wameniambia niende nijibu maswali. Mzungu ni mwingine, lakini yule wa tai atakuwa hapo."

"Wambua."

"Huyo. Mama Philister, nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Vile ulisema. Watu wote wanasema uliongea vibaya mpaka wakacheka, wakafungua yeye. Mimi nikiongea hakuna mtu anacheka. Wananiangalia tu. Sasa nimefikiri, labda mimi sijui kuongea vibaya vizuri." Alivuta kigoda karibu, akaweka mikono mapajani kama mwanafunzi. "Nifundishe pole pole. Kichwa yangu ni ngumu, lakini nitashika."

Rael alimtazama. Kiswahili cha Wanjugu kilikuwa kimevunjika kuliko chake, kilikuwa kimevunjika tangu azaliwe, na hakukuwa na kosa hata moja duniani ambalo angeweza kumwongezea. Alitaka kumwambia hivyo. Alitaka kumwambia kwamba si maneno yaliyochekwa kule, na kama ni maneno basi hayachekwi kwa kila mtu. Lakini mwanamke yule alikuwa ametembea kutoka Dagoretti, na alikuwa anangoja, macho yake makavu yamemkazia kinywa.

Nje ndege moja iliondoka. Waliisubiri ipite, kwa maana haikuwezekana kusikilizana.

"Basi sema," Rael alimwambia. "Sema, bwana yangu."

"Bwana yangu," Wanjugu alisema.

Walitazamana, wakangoja waone kama kuna mmoja wao atakayecheka.